Somo la Mwezi: Kumpulizia Pumzi Aliyezama



Mtu akivuka kutoka kisiwani kwenda Tanga, kisha akashika njia ya Moshi, akishapita Korogwe huifikia Makuyuni, katika bonde la Mto Pangani. Mto huo humwaga maji yake baharini, kuelekea visiwa vyetu. Wao wana mto, sisi tuna bahari. Na nani amesahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander ikielekea Pemba? Basi somo hili ni letu sote.

Aliyezama hufa kwa kukosa hewa, na dawa yake ya kwanza ni pumzi. Lakini wengi huogopa kuweka mdomo juu ya mdomo wa mtu wasiyemjua, kwa sababu ya matapishi, damu na maradhi. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Ndiyo maana ikafanywa kinga.

Kinga ni za namna mbili. Moja ni plastiki nyembamba ya kukunjwa mfukoni, yenye tundu katikati. Nyingine ni barakoa ya plastiki yenye ukingo laini, si ile ya kitambaa tuliyovaa wakati wa Korona. Hii hufunika pua na mdomo, na juu yake mna vali, yaani kilango cha njia moja: pumzi yako huingia, yake hairudi kinywani mwako. Leso haifai, ikilowa haizuii kitu.

Kazi hufanywa hivi:

1. Mlaze chali mahali pa salama, umwite. Tazama kama anapumua, usizidishe sekunde 10. Ikiwa hapumui, mtume mtu akaite msaada. Usimkamue tumbo kutoa maji.

2. Weka ncha nyembamba ya barakoa juu ya mfupa wa pua, na upande mpana chini ya mdomo. Bana ukingo usivuje, rudisha kichwa nyuma, inua kidevu.

3. Puliza mara 2, kila pumzi sekunde 1, huku ukitazama kifua kiinuke. Kisipoinuka, rekebisha kichwa.

4. Kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Puliza tena 2, uendelee hivyo.

5. Akitapika, mgeuze ubavu, mfute kinywa, uendelee.

Sasa shikeni neno hili: kinga ni ya mpulizaji, uhai ni wa aliyelala. Usimwache ukaenda kutafuta barakoa. Ikiwa huna, na moyo wakataa kupuliza, kandamiza kifua bila kukoma mpaka waje wengine. Yafaa kila chombo kiwe nayo moja, na kila nahodha ajifunze kwa mkono, si kwa kusoma tu.

Maswali ya kujipima: Vali ina kazi gani? Kifua kisipoinuka utafanyaje?