Mama, Chemba Iko Wapi? Mafunzo Niliyopata Chini ya Nyumba Yangu

Masika ya mwaka 2017, baada ya siku nne za mvua mfululizo, choo chetu cha ndani kilianza kurudisha. Ukimwaga ndoo, maji yanapanda hadi karibu na ukingo, yanasimama, kisha yanashuka polepole huku yakigugumia. Kufika usiku yalikuwa yanatokea kwenye tundu la bafuni. Asubuhi yake nikamwita fundi bomba wa mtaani kwetu Segerea, kijana mtaratibu. Akakiangalia choo, akatoka nje, akaizunguka nyumba mara mbili, akarudi mlangoni na swali moja: "Mama, chemba iko wapi?"

Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka minane na sikujua. Marehemu mume wangu ndiye aliyesimamia ujenzi mwaka 2009. Kila bomba na kila kona alikuwa nayo kichwani, na mwaka 2015 aliondoka nayo. Tena kabla hajafariki tulikuwa tumetandaza pevingi ua mzima, tukijiandaa na sherehe ya kumuaga binti yetu wa kwanza, na mifuniko yote ikazikwa ili uwanja upendeze. Fundi alichukua mtalimbo akaanza kugonga hatua kwa hatua, akiinama kusikiliza mlio. Tulivunja mahali patatu. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa alipogonga zege lililoitika kama ngoma.

Niliyojifunza kuanzia siku ile nayaandika kwa ajili ya kila mwenye nyumba asiyefikiwa na bomba la maji taka la mji, nasi ndio wengi hapa Dar es Salaam.

1. Kabla ya kufukia, chora

Si lazima uwe mhandisi. Chukua futikamba, pima kutoka kona mbili za nyumba hadi katikati ya kila mfuniko, andika vipimo kwenye karatasi. Onyesha bomba la choo linapotoka ukutani, linapokata kona, linapoingia chemba kubwa, na linapoelekea shimo la kufyonza. Onyesha pia bomba la maji safi kutoka kwenye mita. Kama nyumba imeshajengwa, fuata ushahidi: bomba la choo hutoka nyuma ya choo, na fundi mwenye akili huweka kichemba cha kukagulia kila linapopinda. Kama bado unajenga, piga picha mitaro ikiwa wazi, futikamba ikionekana ndani ya picha. Zoezi hilo halikuli hata nusu saa.

Mifuniko yangu sasa iko usawa wa pevingi, ina vishikio vya chuma, na ni mizito kiasi kwamba mtoto hawezi kuinyanyua. Mjukuu akicheza uani nataka kujua kuwa chini yake pamefungwa.

2. Chemba haijai, hujaa tope

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na naona wengi wanaolisema vibaya. Tunasema "chemba imejaa" kana kwamba ni pipa. Chemba nzima huwa imejaa maji kila siku, hadi usawa wa bomba la kutokea. Lita kumi zikiingia upande huu, lita kumi zinatoka upande ule. Kazi yake ni kuyapa maji muda wa kutulia. Mazito yanazama na kuwa tope, mafuta na vyepesi vinaelea na kufanya utando, na katikati yanabaki maji ambayo ndiyo peke yake yanayopaswa kutoka. Bakteria wasiohitaji hewa wanalimeng'enya lile tope kidogo kidogo, lakini hawalimalizi. Mchanga, majivu na plastiki hawavigusi kabisa.

Kwa hiyo kipimo ni unene wa tope. Chemba yetu ina urefu wa mita 3, upana wa mita 1.5 na kina cha maji cha mita 1.5, yaani lita 6,750. Tope likifika theluthi ya kina, kwangu sentimita 50, ni wakati wa kuita gari la kunyonya. Napima kwa mti mrefu uliofungwa taulo kuukuu jeupe: unauteremsha hadi chini, unasubiri dakika chache, unautoa taratibu, na pale tope lilipofika taulo linabaki jeusi. Simama pembeni ya tundu, usiinamishe uso juu yake, na asiwepo mwenye sigara wala kiberiti. Sisi ni watu sita na tope hutufikia hapo kwa kama miaka mitatu. Nyumba ya wapangaji kumi na wawili haiwezi kusubiri hivyo.

Kuhusu unga na dawa za chupa zinazouzwa mitaani kwa ahadi kwamba hutanyonya tena maishani, mimi sinunui. Bakteria wanaohitajika wanakuja wenyewe na kinyesi. Mafuta ya taa, asidi na madumu ya dawa ya kung'arishia nguo yanawaua wale wanaokufanyia kazi bure. Na gari likija, usidai chemba ioshwe ing'ae. Tope kidogo likibaki chini, ndilo mbegu ya kuanzia upya.

3. Mvua ya bati haina shughuli na chemba

Siku ile tulipofungua mfuniko tulilikuta kosa la miaka mingi. Bomba la mfereji wa bati lilikuwa limeingizwa kwenye kichemba cha bafuni. Mume wangu alifanya hivyo kwa nia njema, maji yasituame uani. Fundi akanikalisha tukapiga hesabu. Bati letu lina takriban mita za mraba 120. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuishusha kwa siku moja, ikianguka juu ya bati hilo inakuwa lita 6,000. Hiyo ni karibu chemba nzima, inayoingia kwa nguvu ndani ya saa chache, inavuruga kila kilichotulia na kukisukuma nje. Kila masika tulikuwa tunalihamisha tope letu wenyewe kulipeleka kwenye shimo la kufyonza.

Na shimo hilo, ambalo mafundi wanaliita sokopiti, ndilo lenye gharama. Chemba ikijaa tope unainyonya na imepona. Shimo likishapakwa utando wa mafuta na tope kwenye kuta zake, udongo unaacha kunywa, na kulinyonya ni nafuu ya wiki chache tu. Udongo wetu wa upande huu una mfinyanzi, tena tuko karibu na bonde la Msimbazi, hivyo masika maji ya ardhini yenyewe hupanda. Shimo lililokwisha kuziba halina tena pa kuyatua maji.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo kwa macho. Kwenye bomba la kutokea la chemba panatakiwa kiungo cha T, mguu wake mmoja ukizama chini ya utando ili maji ya katikati tu ndiyo yatoke. Chetu hakikuwepo. Kiungo cha inchi 4 ni fedha ndogo sana, lakini kwa kukikosa nilichimba shimo jipya mwaka ule kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ada ya muhula mzima. Ukisimamia ujenzi, usiondoke siku hiyo mpaka umeziona T mbili kwa macho yako, ya kuingilia na ya kutokea. Maji ya bati nayo yakinge. Yetu sasa yanaingia simtanki, na tunafulia.

4. Jikoni ndiko kunakoziba

Machicha ya nazi, mafuta ya kukaangia, ukoko wa ugali, wali. Mafuta yanashuka sinki yakiwa ya moto, yanapoa ndani ya bomba, yanakutana na sabuni, yanaganda kama nta, kisha kila punje ya wali inanasa hapo. Kwangu mafuta yaliyokwisha kazi yanarudi kwenye chupa, na sufuria inafutwa kwa karatasi kabla ya kuoshwa.

Chooni hakiingii kitu kingine zaidi ya kile choo kilichojengewa. Pedi na nepi haziozi, na vitambaa vinavyoitwa vya kutupa chooni vinabaki vitambaa. Hapa akina mama tuzungumze na mabinti zetu bila haya, na tuwawekee ndoo yenye kifuniko bafuni. Binti hutupa pedi chooni kwa sababu hana mahali pengine pa kuificha.

5. Kila aliye nyumbani ajue koki kuu

Bomba la nusu inchi lilitupasukia saa tatu usiku, na watu wazima wanne tulisimama ndani ya maji tukiulizana. Koki kuu ilikuwa nyuma ya matofali ya akiba. Tulipoifikia haikuzunguka, maana haikuguswa tangu siku ilipofungwa. Sasa naifunga na kuifungua kila baada ya miezi michache ili isigande, na mtoto wa darasa la nne anajua ilipo.

Maji ya mgao yana hila yake pia. Mtu anafungua koki mchana, haitoi, anaiacha wazi. Maji yanarudi usiku wa manane. Maji yakikatika, wa mwisho kulala anazungukia koki zote.

Kujua kama kuna mvujo usiouona, funga koki zote jioni baada ya simtanki kujaa, soma mita, usitumie maji, isome tena alfajiri. Namba zikisogea, maji yanakwenda mahali. Uniti moja ni lita 1,000. Kwetu lilikuwa boya la simtanki lisilofunga vizuri, maji yakitoka kimya kimya kupitia bomba la ziada nyuma ya nyumba.

6. Harufu na mbu vina njia zao

Bafu la wageni likinuka wakati hakuna anayelitumia, mara nyingi ni maji ya kwenye trapu, ule mkunjo wa bomba chini ya tundu, yaliyokauka. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya chemba. Mwaga ndoo moja kila wiki.

Mbu wa aina ya culex hupenda kuzaliana kwenye maji machafu, chemba na vyoo vya shimo vikiwemo, na katika pwani yetu ni miongoni mwa wanaoeneza matende na mabusha. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe za polistirini juu ya maji ya vyoo vya shimo, zikaelea na kuwafungia mbu njia ya kuzaliana, na mbu wakapungua sana. Nyumbani panatosha wavu mgumu juu ya bomba la hewa na mfuniko usio na ufa.

7. Maji yako yana jirani

Viwanja vya mtaani kwetu vingi ni mita 20 kwa 20. Umbali unaoshauriwa sana kati ya kisima na shimo la maji taka ni mita 30. Hakuna namna ya kuupata ndani ya kiwanja hicho, hivyo kipimo halali ni shimo lako na kisima cha jirani, siyo chako peke yake. Nilipochimba shimo jipya nilikwenda kwanza kwa jirani wa chini yangu tukakubaliana mahali. Kisima chake anakitumia kufulia na kusafishia. Kunywa, tulikubaliana, hapana, labda maji yake yachemshwe.

Na tabia ya kutapisha vyoo mvua ikinyesha ikome. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka jijini humu kabla ya kuenea mikoa mingine. Anayefungulia choo chake kwenye mtaro anajua kabisa mtaro unapita kwenye milango ya nani. Gari likinyonya, muulize dereva anapeleka wapi. Kwa sisi wa upande huu, mabwawa ya Vingunguti yako karibu. Anayekutajia bei ya chini kuliko wote, huku akisubiri giza ndipo aje, usimpe kazi.

8. Asishuke mtu

Siku ile ya mwaka 2017, gari la kunyonya lilipomaliza, kulibaki tope zito pembeni. Kibarua, kijana wa miaka ishirini hivi, akavua viatu, akaomba ngazi na koleo. Mimi nilikuwa tayari naelekea stoo kuichukua ngazi. Dereva wa gari, mzee mmoja, akanishika mkono: "Mama, ukimpa ngazi utamzika."

Tope lile, hasa likivurugwa, linatoa hewa yenye salfa. Ikiwa kidogo inanuka yai viza. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza, mtu hasikii harufu tena, anadhani imetawanyika, kisha anaanguka kwa pumzi chache. Kuacha mfuniko wazi saa nzima hakuiondoi. Na anayeruka kumuokoa mwenzake anaanguka juu yake. Yule mzee aliniambia ameshaona ndugu wawili wakitolewa shimo moja. Tope lililobaki lilizimuliwa kwa maji ya mpira kutoka juu, likanyonywa, na kazi ikaisha bila mguu wa mtu kugusa chini.

Ukiita gari, kaa hapo hapo mpaka mfuniko urudi mahali pake. Na mtu akikuambia anashuka dakika moja tu kuchota la mwisho, mkatalie, hata kama ameshavua viatu.