Majani ya Uani na Dawa ya Saratani: Somo kwa Kamati za Parokia



Tunapozungukia parokia za Ufipa, kuanzia Laela hadi Namanyere, swali moja hurudi: kama ipo mizizi inayotibu kansa, kwa nini jumuiya ichange nauli ya mgonjwa kwenda Mbeya? Wafadhili nao hutuuliza kwa namna yao. Hatujibu kwamba mimea haina dawa. Inayo.

Lipo ua dogo la waridi au jeupe, lenye petali tano, ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba na makaburini. Asili yake ni Madagaska. Huko Jamaika watu walikunywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 majani hayo yalipelekwa Kanada, ambako Robert Noble na mwenzake Charles Beer waliyajaribu kwa panya. Sukari haikushuka, zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Hapo wakawaza saratani ya damu, ambayo huzifanya chembe hizo zizidi mno. Mwaka 1958 walitangaza vinblastini, na ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Mwaka huohuo wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya wa watoto ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Watoto wa Tanzania huupata pia. Hutibiwa kwa dawa kadhaa, vinkristini ikiwemo, na wakiwahishwa wengi hupona.

Sasa tuangalie vipimo. Kupata gramu 1 ya vinblastini huhitaji takriban kilo 500 za majani makavu. Vinkristini nayo, mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa sindano moja, tena kwenye mshipa wa damu tu. Ikizidi huharibu mishipa ya fahamu. Basi anayechemsha konzi ya majani jikoni hajui amekunywa nini. Pengine ni kidogo mno kuugusa uvimbe, lakini kinatosha kumdhuru.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa kingine. Mwaka 1976 zaidi ya tani 27 za mti wa jamii ya Maytenus zilivunwa Shimba Hills kwa ajili ya utafiti wa Marekani. Kemikali yake, maitansini, iliua seli za saratani, ila iliwaumiza wagonjwa kupita kiasi ikawekwa kando. Mwaka 2013 ndipo dawa ya ukoo wake, iliyofungwa kwenye kingamwili inayoifikisha kwenye seli za uvimbe, iliidhinishwa kwa aina moja ya saratani ya matiti. Miaka 37!

Tena, cha asili si lazima kiwe salama. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, ni ya asili kabisa, na huleta saratani ya ini. Kwa mkoa unaolima mahindi kama wetu, kuyakausha vema kabla ya kuyaweka ghalani ni kinga ya kweli kuliko unga wowote wa mizizi unaouzwa mnadani. Vilevile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Hatuziombi kamati zigombane na waganga wa jadi. Tunaomba mgonjwa aulizwe kwa upole anatumia nini, naye amweleze daktari, kwa kuwa baadhi ya mitishamba huvuruga dawa za hospitali. Mama mwenye uvimbe kwenye titi apelekwe Hospitali ya Mkoa, Sumbawanga, wiki hiyohiyo, kabla mbuzi hajauzwa kwa ajili ya mizizi. Kutoka hapo hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na Ocean Road, Dar es Salaam, ni mbali zaidi. Kila kamati ipange sasa nani atamsindikiza, na nauli itatoka mfuko gani.