Ushauri: Uliza "ngapi" kabla ya kuandika

*Mwalimu, nyumbani ni Handeni, ila nasoma bweni Korogwe, kidato cha pili. Katika insha kuhusu soko la kwetu niliandika "many maizes", "much oranges" na "few money". Yote yalipigwa mstari mwekundu, na darasa zima likacheka. Nakariri orodha ya majina yanayohesabika na yasiyohesabika, lakini bado nachanganya. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi, Korogwe*

Mwanangu, hao waliocheka nao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili kama wewe, kisha wakakutana na Kiingereza cha sekondari ghafla. Usiache kuandika kwa ajili yao.

Orodha iweke kando kwanza. Kutenganisha vinavyohesabika na visivyohesabika unakujua tangu utotoni. Mama akikutuma dukani humwulizi "sukari ngapi?" Unauliza "kiasi gani?" au "kilo ngapi?" Lakini akikutuma machungwa pale Michungwani, unauliza "mangapi?" Vilevile husemi "chumvi chache", unasema "chumvi kidogo". Wateja ndio huwa wachache.

Basi kipimo chako ni hicho. Jina likikubali "ngapi" na "-chache", andika "many" na "few": many oranges, few customers. Likitaka "kiasi gani" na "kidogo", andika "much" na "little": how much sugar, little salt. Kinachokuponza ni "-ingi", maana sisi husema machungwa mengi na maji mengi bila kutofautisha. Ukikutana na "mengi", rudi kwanza kwenye "mangapi".

Kipimo hiki hukwama kwa majina machache, na hayo ndiyo ya kukariri. Sisi huuliza "pesa ngapi?", Kiingereza husema "how much money". Sisi huhesabu mizigo, mikate, taarifa, samani na nywele. Wao husema luggage, bread, information, furniture, hair, bila "s" na bila "many". Mahindi nayo ni "maize" tu, hata yakijaa ghala. Ukitaka kuyahesabu, hesabu kinachoyabeba au kuyapima: many bags of maize, two loaves of bread. Hata mkonge wa mashamba ya Korogwe huhesabiwa kwa robota: many bales of sisal.

Ukibanwa na muda wa mtihani, "a lot of" hukubaliana na pande zote mbili: a lot of oranges, a lot of maize. Tena katika sentensi ya kawaida ya kukubali huwa na ladha nzuri kuliko "much", ambayo hukaa vizuri zaidi kwenye swali na kwenye kukanusha: There isn't much rain.

Kuna jambo moja hukuuliza, nalo ni zito. Chukua nyumba mbili za Handeni mwaka mvua zilipogoma. Ya kwanza inasema "We have a little maize": yapo kidogo, tutajikimu. Ya pili inasema "We have little maize": ni kama hakuna, tusaidieni. Ile "a" ndogo ndiyo iliyotenganisha nyumba yenye matumaini na nyumba inayoomba msaada. Ndivyo ilivyo pia kwa "a few friends" na "few friends": wa kwanza ana marafiki kadhaa, wa pili ni mpweke. Kwa hiyo, mwanangu, usijifunze haya kwa ajili ya alama tu. Siku moja utaandika barua au ripoti, na msomaji ataamua la kufanya kwa neno ulilochagua.

Likizo ikifika, nenda sokoni na daftari. Chora safu mbili, "ngapi" na "kiasi gani", uandike kila unachokiona kinauzwa. Kisha tunga sentensi moja ya Kiingereza kwa kila kitu, umpelekee mwalimu wako azisahihishe.