Anayeanguka na Pikipiki: Majeraha Yanayoonekana na Yasiyoonekana

Hapa Bungulu na katika mitaa mingine ya Beni, mtu akitaka kwenda sokoni, kanisani au shambani hupanda pikipiki. Pikipiki hiyo huchukua mama na mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi, gunia la makala, tena mara nyingi abiria wawili juu ya kiti cha mmoja. Njia ya Butembo na njia ya Kasindi, ipakanapo na Uganda, zina malori makubwa, vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Basi, watu huanguka. Somo hili halifundishi kuendesha pikipiki. Linafundisha namna mwili unavyoumia, na wewe uliye karibu ufanye nini kabla mganga hajamwona mgonjwa.

Kwanza ujue kwamba jeraha linalotisha macho silo linaloua kila mara. Watu hukimbilia mguu uliopasuka kwa sababu wanaona mfupa na damu. Mwingine amelala kimya kando ya njia, hana hata mkwaruzo, nao husema, "Huyu ameshtuka tu." Labda ndiye aliye karibu kufa. Anayelia kwa sauti kubwa bado ana pumzi. Mtazame kwanza anayenyamaza.

Tuanze na kichwa. Ubongo ni kitu laini kilichofungwa ndani ya mfupa mgumu, na ndani ya mfupa huo hakuna nafasi ya kitu kingine. Kichwa kikipigwa, mshipa wa damu huweza kupasuka ndani. Damu inakusanyika, haina pa kutokea, nayo inausukuma ubongo. Sikiliza vema hapa, maana wengi hudanganyika. Mtu huyu huweza kuzimia kidogo, kisha akaamka, akasema na watu, akauliza habari za pikipiki yake, hata akatembea kwenda nyumbani. Baada ya saa chache kichwa kinamwuma sana, anatapika, anasinzia. Jamaa wanasema, "Mwacheni apumzike." Asubuhi wanamwita haitiki.

Kwa hiyo kila aliyezimia, hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali siku ile ile, ijapokuwa anasema yu mzima. Tena ogopa alama hizi: kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, degedege, damu au maji kutoka sikioni au puani. Sikio hilo usilizibe kwa pamba.

Juu ya kaske, yaani kofia ngumu ya pikipiki, watu wana maneno mengi: ina joto, inaharibu nywele, imevaliwa na wengine. Lakini habari yake ni ya zamani. Mwezi wa Mei 1935 Mwingereza mmoja mwenye sifa, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki bila kofia ngumu, akafa baada ya siku 6. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomwona katika ugonjwa ule, aliendelea kuchunguza vichwa vya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akaandika kuonyesha jinsi kofia inavyookoa maisha. Wachunguzi wa siku zetu waliokusanya hesabu za nchi nyingi waliona kwamba kaske hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya 42 katika 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 katika 100. Ile inayoning'inia kwenye usukani haimsaidii mtu. Wala ile isiyofungwa chini ya kidevu, maana huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Aliyeanguka akiwa na kaske, naye anapumua vizuri, usimvue kwa nguvu. Huenda shingo imevunjika. Ndani ya mifupa ya shingo na ya mgongo hupita uzi wa mishipa ya fahamu unaoamrisha mikono na miguu. Mfupa uliovunjika unaweza kuwa haujakata uzi huo bado, nasi tukamkata wenyewe kwa kumkalisha na kumkunja. Ikiwa anasema hasikii miguu yake, asiinuliwe na mtu mmoja. Mmoja ashike kichwa na kukinyoosha sawa na mwili, wengine watatu au wanne wamwinue pamoja, kama ubao, wamlaze juu ya mlango au kipoyi. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili wote kwa mara moja, asisongwe.

Tumbo nalo hudanganya. Usukani ukimpiga mtu tumboni, ngozi huweza kubaki nzima kabisa, lakini wengu au ini limepasuka ndani. Wengu uko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Mfupa wa paja ukivunjika, hata kama ngozi haikupasuka, lita moja na zaidi huweza kumwagika ndani ya nyama ya paja. Mfupa wa nyonga hutoa hata zaidi ya hapo. Mtu huyu haonyeshi damu chini, ila ngozi yake inakuwa baridi na yenye jasho, moyo unapiga mbio, anaomba maji. Usimpe maji wala chai. Labda atapasuliwa, na mwenye tumbo lililojaa huweza kusongwa wakati wa dawa ya usingizi. Lowesha midomo yake tu, mfunike kwa kikwembe, mfanye upesi.

Sasa tuje kwenye mguu, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa kwa kukawia. Mfupa wa muundi una ngozi nyembamba mbele, nao ukivunjika hutokeza nje kwa urahisi. Vumbi na mavi ya njiani huingia mpaka ndani ya mfupa. Jeraha hilo linataka dawa ya kuua vijidudu katika saa za kwanza, linataka kuoshwa na mganga, na sindano ya pepopunda. Bonyeza panapotoka damu kwa kitambaa safi. Usirudishe mfupa ndani, usipake udongo, majani wala mafuta ya injini. Funga mguu pamoja na fimbo mbili au pamoja na mguu mzima, usikaze mno.

Hatusemi kwamba wazee wanaofunga mifupa hawajui kitu. Lakini mfupa uliotokeza si kazi yao. Tena mguu ukifungwa kwa vijiti ukakazwa wakati unapovimba, damu haipiti. Nyama isiyopata damu huanza kufa baada ya saa 6 hivi. Vidole vikiwa baridi, vyeusi au havisikii, kamba ilegezwe saa ile ile.

Twajua kwa nini watu hukawia: wanaogopa deni la hospitali. Basi fanyeni hesabu. Jeraha lililooshwa siku ya kwanza hugharimu kidogo. Mfupa uliooza hutoa usaha miezi mingi, hata miaka, na mwisho wake waweza kuwa kukatwa mguu. Ikiwa fedha haipatikani, enda kwenye kituo cha afya kilicho karibu kwa sindano na dawa za kwanza, jamaa wakichanga nyuma yako.

Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, watu wa Beni na Butembo walijifunza kutogusa damu ya mwingine. Mafundisho hayo yangali mema. Usipokuwa na glovu, vaa mfuko wa plastiki mkononi, kisha nawa kwa sabuni. Lakini usimwache mtu afe kwa sababu ya hofu.

Usimbane mgonjwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, kichwa kikitikisika. Tafuta gari, na kama halipo, kipoyi. Anayemsindikiza amwambie mwuguzi saa aliyoanguka, kama alizimia, na kama ametapika.

Tena mtafuteni dereva. Mara nyingi abiria huchukuliwa, naye dereva hukimbia kwa kuogopa kupigwa, akajificha nyumbani na wengu uliopasuka. Hata kama kosa ni lake, mpelekeni naye akaangaliwe kichwa na tumbo. Maneno ya pikipiki na fidia yatangoja.