Mlima Uliopoteza Barafu Yake

Je, umewahi kuokota mvua ya mawe ikakuyeyukia mkononi? Basi barafu unaijua. Theluji ni ndugu yake, lakini ni laini kama sufi. Katika nchi za baridi theluji huanguka kutoka mawinguni na kufunika ardhi yote. Watu wa huko wana mchezo wa kuteleza juu yake. Mtu hufunga mbao mbili, ndefu na nyembamba, chini ya viatu. Hushika fimbo mbili, kisha hushuka mlimani kwa kasi kubwa.

Leo tusome habari za uwanja mmoja mdogo wa mchezo huo. Ulikuwa katika mlima Chacaltaya, nchini Bolivia, Amerika ya Kusini. Kutoka mji wa La Paz hadi mlimani ni kiasi cha kilomita 30. Bolivia si nchi ya baridi yote. Lakini Chacaltaya una urefu wa zaidi ya mita 5,300, na juu kiasi hicho baridi ni kali. Wewe unajua Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Nao uko karibu na ikweta, na una barafu kileleni.

Kushuka ni rahisi. Je, kupanda? Hewa ya huko ni nyepesi, kiasi cha nusu ya hewa ya pwani. Ukipiga hatua chache tu, unahema. Kwa hiyo mwaka 1939 ulifungwa mtambo wa kamba. Injini yake ilikuwa ya gari. Injini ilizungusha kamba ndefu, wachezaji wakajishikiza, nayo ikawavuta hadi juu. Palikuwa pia na nyumba ya kupumzika na kula, na barabara ya kufika hapo. Basi, hayo tu! Hata hivyo, kwa miaka mingi uwanja huu ulihesabiwa kuwa wa juu kuliko yote duniani.

Chini ya theluji ya uwanja huo palikuwa na barafu ngumu, ya maelfu ya miaka. Hali ya hewa ilipozidi joto, barafu ikaanza kupungua. Mwamba mweusi ukatokeza. Kanyaga jiwe jeusi saa sita mchana bila viatu, utaelewa kilichofuata. Kitu cheupe hurudisha mwanga wa jua, kitu cheusi humeza joto. Mwamba ukapata moto, ukayeyusha barafu iliyokuwa kando yake. Wataalamu walidhani barafu ingedumu mpaka mwaka 2015. Ilikwisha mwaka 2009.

Mchezo umepotea, lakini si hilo tu. Barafu za milima ya sehemu ile ni kama mtungi. Huweka maji wakati wa mvua na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. La Paz hupata sehemu ya maji yake kutoka huko. Mwaka 2016 mvua zilichelewa, mabwawa yakakauka, na watu wa mjini wakapanga foleni na ndoo kungojea magari ya maji.

Barafu ya Kilimanjaro nayo imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1912.

Maswali
Kwa nini wachezaji walihitaji kamba?
Mwamba mweusi uliyeyushaje barafu?
Waulize wazee wa kijiji chako: mto au chemchemi gani ilikuwa na maji mwaka mzima zamani, na sasa haina?