Mdondo: Hauna Tiba, Una Kinga

Kuku wa kienyeji hulipa ada, hununua madaftari na humkirimu mgeni. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache.

Chanzo na uenezaji

Mdondo husababishwa na virusi. Huenea kupitia kinyesi na makamasi ya kuku mgonjwa, na hubebwa kwenye matenga, viatu na mizoga iliyotupwa ovyo. Antibiotiki haziui virusi, na mwarobaini, shubiri au pilipili haviponyi mdondo.

Dalili

- Kuku kuzubaa, kuacha kula na kushusha mabawa
- Kuhema kwa shida na kukoroma
- Kuharisha kinyesi cha kijani
- Shingo kupinda, miguu kupooza
- Vifo vingi kwa muda mfupi

Mafua makali ya ndege nayo huonyesha dalili kama hizi, kwa hiyo mwite afisa mifugo mapema.

Chanja hivi

Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za mdondo, lakini usiianike juani.

1. Mkamate kuku, mlaze kichwa upande ili jicho litazame juu.
2. Dondosha tone moja kwenye jicho moja bila kugusa jicho kwa chupa.
3. Subiri apepese jicho ndipo umwachie.
4. Kifaranga na jogoo hupewa kipimo kilekile.
5. Rudia kila baada ya miezi 3, maana kinga hupungua na vifaranga wapya huanguliwa.

Mayai na nyama ya kuku waliochanjwa kwa I-2 ni salama kuliwa.

Usingoje vifo

Kinga huchukua takribani wiki mbili kujengeka. Chanja angalau mwezi mmoja kabla ya msimu ambao mdondo huzuka kwenu. Kuku aliyekwisha kuugua chanjo haitamsaidia.

Ugonjwa ukiingia

Tenga wagonjwa. Choma mizoga au ifukie kwenye shimo refu. Usiuze wala usigawe kuku kutoka banda lenye ugonjwa, kwani utampelekea jirani msiba. Kuku wapya wakae peke yao wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi. Changeni fedha majirani, pangeni siku moja, mchanje kuku wote alfajiri kabla hawajafunguliwa.