Linda Gome, Uokoe Mti

Ploti za Soweto East, mtaani Kibera, Nairobi, zimebanana, kwa hivyo mti mmoja wa avokado hubeba mengi: kivuli cha watoto, kamba za nguo, na matunda ya wapangaji wote. Ukishikwa na donda, gome hudidimia, hupasuka na kutoa utomvu, kisha matawi hukauka moja moja. Ukungu na bakteria wanaoleta ugonjwa huu hupenya kirahisi palipo na jeraha. Anzia hapo.

1. Fungua waya wa nguo. Shina linaponenepa, waya huzama hadi gome likaufunika. Simamisha nguzo. Mabango nayo yasipigiliwe misumari mtini.

2. Shina likae kavu. Maji ya kufulia yakimwagwa hapo kila siku, gome la mlimau na la avokado huoza kuanzia chini. Chimba kifereji, ondoa taka zilizorundikana. Ukinunua mche wa kuunganishwa kando ya Barabara ya Ngong, panda kiungo kikiwa sentimita 15 hivi juu ya udongo.

3. Pogoa wakati wa kiangazi. Epuka mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, kwa maana hueneza maradhi. Pangusa panga au msumeno kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

4. Kata hadi penye uzima. Tawi likatwe sentimita 15 chini ya donda. Kwenye shina, kwangua gome lililooza kwa kisu kikali mpaka rangi ya kahawia iishe. Usizungushe kisu shina zima, mti utakufa.

5. Paka mrututu. Yeyusha gramu 100 za mrututu katika nusu lita ya maji, na gramu 100 za chokaa katika nusu nyingine, kisha changanya kwenye ndoo ya plastiki. Vaa glavu, watoto wakae mbali. Paka siku hiyo hiyo.

6. Ondoa mabaki. Matawi yenye ugonjwa yasiingie kwenye mboji ya magunia ya sukuma wiki.

7. Jua wakati wa kubadilisha. Katikati ya karne ya 20, donda liliishinda misipresi ya Monterey iliyopandwa Kenya, na wataalamu wa misitu wakageukia misipresi ya Mexico. Donda likishazunguka shina lote, ng'oa, upande mche mzima mahali pengine.

Jumamosi hii, kabla ya kuanika nguo, pitisha kiganja kwenye gome kuanzia chini. Palipo laini au panaponata, lete kisu.